Umande wa Korogwe

Gari la baba lina tabia moja, na kila fundi aliyewahi kuliinamia ana maelezo yake. Siku ya jua huwaka kwa mguso mmoja wa ufunguo. Asubuhi yenye umande mzito, au usiku ukiwa umenyesha, stata huzunguka kwa nguvu zake zote, injini hukohoa mara moja, pengine hata hiyo moja haikohoi, kisha kimya. Ukiliacha mpaka saa 3 au saa 4, jua likishapanda juu ya mwembe wa jirani, linawaka kama vile halijawahi kugoma maishani mwake. Mafundi wanalichukia kwa sababu hiyo. Gari bovu kweli kweli lina heshima yake, ukilifuata utalikuta bovu. Hili linasubiri uite fundi, umlipe nauli ya bodaboda, halafu linawaka mbele yake.

Ni Toyota Celica ya mwaka 1988, ya milango miwili, na taa zake za mbele hulala ndani ya bodi mpaka uziwashe ndipo zinyanyuke. Watoto wa mtaani kwetu Manundu waliliita Kobe kwa ajili ya taa hizo, jina ambalo baba hakulipenda hata siku moja, maana yeye alinunua gari la mashindano. Alilinunua Dar es Salaam mwaka 1996, likiwa limeshatumika Japani, wakati huo akiwa mtunza stoo wa shamba la mkonge. Mtu mwenye mke na watoto watatu kununua gari la milango miwili! Bibi yangu alifariki akiwa bado anauliza watoto wa nyuma watatokaje likishika moto.

Baba alikuwa na jibu lake, na lilianzia utotoni. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na zamani yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, wakati wa Pasaka, yaani masika yakiwa yamekolea na barabara ni tope. Yeye na wenzake walisimama kando ya njia kuyasubiri magari hayo nusu siku nzima, wayaone kwa sekunde 4. Baadaye mashindano yakabaki Kenya peke yake, baba akayafuata kwa redio. Celica ikashinda mfululizo 1984, 1985 na 1986, ikarudi kushinda 1990, kisha kila mwaka kuanzia 1992 hadi 1995. Madereva alitutajia kama mtu anayetaja mababu zake: Waldegård, Kankkunen, Waldegård tena, Sainz. Akifika kwa Ian Duncan, aliyeshinda mwaka 1994, aliongeza kila mara: "Huyu mtoto wa hapa hapa Kenya." Kwamba zile zilikuwa na turbo, na za miaka ya 1990 zilisukumwa na magurudumu yote manne, wakati ya kwetu haina turbo na inavutwa na ya mbele tu, ni mambo ambayo nyumbani hayakujadiliwa. Sasa gari lililoshinda Safari mara 8 lilikuwa linashindwa na umande wa Manundu.

Mwezi wa tatu mwaka jana nilirudi nyumbani kukusanya data za tasnifu. Ninasoma shahada ya uzamili ya takwimu, na utafiti wangu unahusu mahudhurio ya kliniki za wajawazito katika vijiji vya Handeni. Ratiba ilikuwa nilale Handeni kwa shangazi, pale Chanika, siku chache za wiki, nyingine nirudi Korogwe. Ni kilometa 65 za lami, lakini zahanati hazikujengwa kando ya lami, na nauli za bodaboda zingeimaliza posho yangu kabla ya mwezi kwisha. Baba akanipa ufunguo bila hata kuombwa. "Chukua, mama. Mimi silitaki tena gari hili. Litanidhalilisha njiani."

Hilo peke yake lilipaswa kuzua maswali nyumbani, mtu aliyekuwa hamruhusu hata kaka kuliosha. Lakini sababu ilikuwapo, tena kila mtu ameiona kwa macho yake: gari bovu.

Ubovu wenyewe ulikuwa umeshagharimu. Fundi wa kwanza alisema betri, ikanunuliwa mpya, 190,000. Wa pili akasema pampu ya mafuta, 150,000 pamoja na ufundi. Wa tatu akasafisha nozeli kwa 60,000, akabadilisha na plagi zote 4, 40,000 nyingine. Jumla 440,000 ndani ya miezi 5, kutoka kwenye pensheni, na mama alikuwa amekopa 200,000 kwenye kikoba ili kuziba pengo. Kaka yangu, anayeishi Dar, alikuwa amempata mnunuzi wa Tanga aliye tayari kutoa 1,500,000 gari likiwa kama lilivyo, afungue vipuri. Likiwa zima, alisema, angefika hata 4,000,000. Kaka alitaka tulikabidhi kabla halijala pesa nyingine.

Sina ugomvi na mafundi hao. Nilichokigundua kwa kumsikiliza mama ni kitu kingine. Kila mmoja aliitwa asubuhi, akafika saa 4, akafanya kazi mpaka saa 7 au 8 mchana, akageuza ufunguo, gari likawaka, akalipwa. Saa 8 mchana Korogwe! Saa hiyo lingewaka hata kama angebadilisha wimbo wa redio. Betri ilipona mchana, pampu ikapona mchana, nozeli zikapona mchana, na kila tiba ikathibitishwa na jua. Hapo ndipo nilipopata hamu. Chuoni tunatumia muhula mzima kufundishwa kosa hili moja, la kumpa dawa mgonjwa ambaye angepona mwenyewe kisha kuisifu dawa, na hapa lilikuwa uani kwetu likinyonya pensheni.

Nikafungua daftari. Kila asubuhi niliandika mahali, saa, kama usiku ulinyesha, kama kioo cha mbele kina umande (nilipitisha kidole), halafu limewaka au halikuwaka. Baba alinikuta nikiandika, akauliza kama siku hizi chuo kinafundisha kuandika magari mahudhurio.

Shangazi alikuwa na nadharia yake, kwamba gari linaipenda Handeni. Ukitazama daftari juu juu, utamkubalia. Katika asubuhi 13 nilizoamkia Handeni liligoma mara 2 tu. Katika asubuhi 18 za Korogwe liligoma mara 11. Handeni iko juu zaidi na ni pakavu, nchi ya Wazigua inayojulikana kwa ukame kuliko kwa mvua. Korogwe iko bondeni, Mto Pangani unapita hapo hapo na milima ya Usambara imeegemea juu yake, na asubuhi za masika hewa ni nzito kiasi kwamba nguo ulizosahau kuanua jioni unazikuta zimelowa kuliko ulivyozianika. Lakini mahali siyo sababu, mahali hubeba sababu. Nilipozigawa asubuhi zangu 31 upya, zenye unyevu upande mmoja na kavu upande wa pili, bila kujali mji, picha ilibadilika: asubuhi kavu 15, haikugoma hata moja. Asubuhi zenye unyevu 16, iligoma 13. Zile mara mbili za Handeni zote zilifuata mvua ya usiku. Shangazi nilipomwonyesha alisema, "Basi linaipenda Handeni kwa sababu ni kavu, si ndiyo nilivyosema?"

Kwa hiyo ni maji. Yanaingia wapi? Betri haikuhusika, stata ilizunguka kwa nguvu asubuhi zote. Mafuta yalikuwa yanafika, maana baada ya kupiga stata mara tatu nne ulisikia harufu ya petroli mbichi kwenye bomba la moshi. Kilichobaki ni cheche.

Kwa wasomaji waliozaliwa na magari ambayo kila plagi ina koili yake, hebu nieleze kidogo, kwa sababu mfumo wa zamani una uzuri wake. Betri inatoa volti 12, ambazo haziwezi kuruka hata upana wa unywele. Koili inazipandisha mpaka volti zaidi ya 20,000. Umeme huo unapita kwenye waya mnene hadi katikati ya kofia ya distribyuta, kitu cha plastiki ngumu cheusi chenye pembe kama taji. Ndani yake rota inazunguka na kuugawa umeme kwa plagi 4, moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa 1-3-4-2, na kila plagi inapata zamu yake kupitia waya wake. Ni kama mama anayegawa chakula akiwa amesimama katikati ya watoto wanne. Umeme wa nguvu hiyo haupendi kuruka pengo la plagi, ambako hewa imegandamizwa. Ukipata njia rahisi utaipita. Kofia kavu na safi haiupi njia. Kofia yenye vumbi la miaka na utando mwembamba wa umande inaupa barabara ya lami.

Kwa nini basi gari likishawaka halisumbui tena? Mara nyingi nimeendesha kwenye mvua ya kupofusha mpaka Handeni bila kumisi hata mara moja. Sababu ni mbili. Joto la injini hukausha kila kitu ndani ya dakika chache. Na pia wakati wa kuwasha ndipo cheche inapokuwa dhaifu kuliko wakati wowote, kwa sababu stata ni mlafi: ikizunguka, volti 12 za betri hushuka hadi 10 au chini yake, na koili inabakiziwa makombo. Unyevu unaivizia cheche wakati huo.

Hiyo ilikuwa nadharia, na nadharia tatu zilishalipiwa. Niliamua ya kwangu niijaribu bure. Asubuhi moja ya umande, gari likiwa limeshagoma, nilifunga uzi wa cherehani wa rangi tofauti kwenye kila waya wa plagi ili nisije nikachanganya mpangilio, nikafungua skrubu za kofia, nikaenda nayo jikoni. Mama alikuwa anapika chapati. Nikaiweka juu ya ungo kando ya jiko la mkaa, si karibu sana, dakika 20. Mama aliitazama kama mtu aliyeletewa panya.

Nikairudisha. Gari likawaka saa 12 na dakika 50 asubuhi, nje umande bado unadondoka kwenye mabati.

"Yaani laki nne na arobaini," mama akasema, ameshika mwiko, "dawa yake jiko?"

Nilimwambia bado. Huenda kilichosaidia ni kule kufungua na kufunga tu, waya zimekaa vizuri zaidi. Asubuhi ya pili ya kugoma nikafungua kofia, nikaishika mkononi dakika 20 pale pale uani bila kuipasha, nikairudisha. Halikuwaka. Nikaipeleka jikoni, dakika 20, nikairudisha. Likawaka. Nitasema ukweli, nimewahi kupata alama nzuri chuoni ambazo hazikunipa furaha ya namna ile.

Kwenye mwanga wa dirisha, ndani ya kofia, kati ya pembe ya tatu na ya nne, kulikuwa na mstari mweusi mwembamba kama uliochorwa kwa penseli. Ufa. Umeme ukipita mara nyingi mahali pasipo pake huichoma plastiki, na plastiki iliyoungua inageuka kaboni, na kaboni inapitisha umeme. Kwa hiyo kadiri unavyovuja ndivyo unavyojitengenezea njia ya kuvuja zaidi. Ukiufuta mstari huo kwa kitambaa unabaki. Kofia ya namna hiyo haitibiki.

Zikabaki waya. Fundi simu mmoja sokoni aliniazima mita. Toyota hutaka ukinzani wa kila waya wa plagi usizidi kiloomu 25. Tatu zilisoma kati ya 9 na 14, mmoja ukasoma 31. Lakini mita inapima moyo wa waya, haipimi ngozi, na waya unaweza kuwa na moyo mzima huku ngozi yake imechanika mahali usipopaona. Nilimuuliza fundi mmoja mzee wa Handeni, ambaye gereji yake ni mti na benchi. Hakuuliza gari la aina gani. "Dada, giza ndiyo mita ya ngozi. Ngoja usiku usio na mwezi, washa gari, pulizia maji kidogo kama ukungu, zima taa zote, angalia. Halafu mikono yako weka nyuma, kama unasalimiwa na polisi."

Basi usiku huo nilichukua chupa ninayopulizia nywele, nikazima taa ya uani, nikafungua boneti injini ikiunguruma. Baba alitoka nje mwenyewe, na kigoda chake, akaketi karibu na mlango wa dereva. Nilipuliza mara mbili.

Sikutegemea kwamba kungekuwa na uzuri. Nyuzi za buluu zilianza kutambaa juu ya ile kofia, zikazimika, zikatambaa tena, na mbali kidogo, pale waya wa tatu unapogusa chuma, kijicheche kimoja kikawa kinaruka kwa mpigo, buluu inayokaribia zambarau. Injini ikaanza kumisi. Baba akainua kidole.

"Nasikia," akasema. "Tak, tak, tak. Unavuja hapo. Nasikia kama saa ya ukutani."

"Unauona baba? Ule wa buluu."

"Uko wapi?"

"Hapo mbele yako. Kushoto kidogo."

Akatazama mbele moja kwa moja, palipokuwa na redieta na giza. Kisha akaanza kugeuza kichwa, kichwa kizima na mabega, polepole, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani, mpaka uso wake ukaelekea cheche yenyewe. "Aah," akasema. "Huyo hapo." Aliitazama kwa muda mrefu. Kwangu, niliyekuwa nimesimama nyuma yake, cheche ile ilikuwa inaonekana kutoka kila pembe ya ua.

Nilizima injini. Sikusema kitu usiku ule. Nililala na daftari langu.

Kuna mistari ambayo nilikuwa nimeiandika pembeni, nje ya jedwali, kwa sababu haikuwa na safu ya kuingia. Jumapili kavu, gari limewaka, baba amekataa kwenda nalo kwenye harusi ya mtoto wa rafiki yake, amekwenda kwa bodaboda. Jumanne kavu, gari limewaka, baba amesema lipumzike. Mama alishanieleza kwamba tangu mwezi wa nane uliotangulia alikuwa haligusi, na mwezi wa nane Korogwe hakuna mvua ya maana. Asubuhi nililizunguka gari. Mikwaruzo ilikuwa minne, miwili ni ya rangi mpya mpya. Yote iko upande wa kushoto. Sisi tunaendesha kushoto. Upande huo ndiko waliko watembea kwa miguu, wanafunzi, mama wa ndizi, bodaboda.

Nilimpelekea chai nje. Nikamwamkia, nikaketi kwenye ngazi.

"Baba, upande wa kushoto unaonaje?"

Alikoroga chai ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa. Baadaye akasema, "Watu wananitokea, mama. Hakuna mtu, hakuna mtu, halafu mtu huyu hapa amesimama kwenye boneti. Mwezi wa saba nusura nimchukue mtoto wa shule pale kwenye daraja. Hakujua hata yeye. Nilisimamisha gari nikatetemeka."

"Mama anajua?"

"Mama yako anajua gari bovu."

Nikamuuliza kuhusu betri, na pampu, na nozeli. Alicheka kidogo, si kicheko cha furaha.

"Ningesema nini? Fundi akija nalipa. Mradi msiniulize mimi. Likigoma asubuhi, moyoni nashukuru. Ulipolipasha kofia jikoni mama yako akapiga vigelegele, mimi nilikuwa chumbani nasema, basi, sasa nitasingizia nini?"

Sikuwa na la kujibu, na hakuwa anasubiri jibu. Alimaliza chai. Kisha akauliza kofia mpya itapatikana wapi.

Korogwe haikuwapo. Injini yetu ni ya jamii ya 3S, ambayo Toyota waliifunga pia kwenye Camry, Carina na RAV4, na kila duka liliniambia inapatikana mpaka nilipotoa ile ya zamani mezani tukalinganisha pembe na matundu ya skrubu. Distribyuta zilibadilika kadiri miaka ilivyokwenda, injini ikabaki na jina lile lile. Kaka aliipata Gerezani, Dar es Salaam, baada ya kutumiwa picha 6 na vipimo. Kofia na rota 45,000, seti ya waya 70,000, vikaja kwa basi. Nilivifunga mwenyewe, uzi kwa uzi. Asubuhi tatu zilizofuata zilikuwa za mvua, na mara zote tatu liliwaka kabla sijamaliza kugeuza ufunguo. Nilitaka asubuhi 10 ndipo niseme limepona, lakini miadi ya kliniki ya macho ilikuwa imeshapatikana Moshi.

Tuliondoka saa 11 alfajiri, mvua ikinyesha. Baba alikaa kiti cha abiria kwa mara ya kwanza katika gari lake. Mpaka Mombo hakusema neno. Baada ya Mombo alianza kunielekeza gia kwa kusikiliza injini, na baada ya Same nikamwambia, kwa heshima zote, aniache niendeshe.

Kliniki walimpima presha ya macho, wakatazama mshipa nyuma ya jicho, kisha wakamweka mbele ya mashine inayotoa vinukta vya mwanga, abonyeze kitufe kila anapokiona kimoja. Nilimsikia akibonyeza. Kulikuwa na vipindi virefu vya ukimya ambavyo mashine ilikuwa inaonyesha nukta na yeye ametulia tu, anangoja. Karatasi iliyotoka ilikuwa na weusi upande wote wa kushoto, na upande wa kulia weusi umeanza kuingia kama maji chini ya mlango. Ni glakoma. Daktari alieleza vizuri, bila haraka: ugonjwa huu mara nyingi hauumi, huanza kula pembeni na kuacha katikati, ndiyo maana mtu anaweza kusoma gazeti vizuri kabisa huku hamwoni anayeketi kando yake. Matone ya kila siku hushusha presha na kulinda kilichobaki. Kilichopotea hakirudi. Aliongeza kwamba huwa unakwenda katika ukoo, kwa hiyo watoto nao wapimwe. Nilipimwa pale pale, na kaka na dada wamepimwa tangu hapo.

Wapo wanaotaka nifananishe jicho na kofia. Rafiki yangu mmoja, anayeandika mashairi, aliniambia mfano umejileta wenyewe. Mimi siutaki. Kofia inauzwa Gerezani, 45,000 pamoja na rota.

Mama aliambiwa na baba mwenyewe, siku ile ile tuliyorudi, mlango umefungwa. Sijui walizungumza nini. Kesho yake mama alihamisha kigoda, ndoo na jiko, vyote vilivyokuwa upande wa kushoto wa mlango, akaviweka kulia, wala hakutoa maelezo.

Mnunuzi wa Tanga alikuja mwezi wa tano. Baba ndiye aliyepanga saa: saa 12 asubuhi, na akachagua siku baada ya kutazama wingu jioni. Yule bwana alifika amejifunika koti la mvua, ana tochi, na uso wa mtu anayejua bei yake. Umande na mvua vilikuwa vimelilowesha gari mpaka ndani ya vishikio vya milango. Baba akamwambia, "Geuza mwenyewe."

Liliwaka. Yule bwana akalizima, akaliwasha tena, akafungua boneti akamulika, akaona kofia mpya, akatazama nyuzi za cherehani ambazo sikuwa nimezitoa. Akasema 4,000,000. Alipoona baba amenyamaza akasema 4,200,000.

Baba akamwomba ampe wiki moja. Mgeni alipoondoka aliniita uani na daftari langu. Akataka nipige hesabu: kliniki mara nne kwa mwaka, nauli ya basi Korogwe hadi Moshi, kwenda na kurudi, watu wawili, kwa miaka 10. Halafu petroli kwa safari hizo hizo, na bima, na matairi. Nikapiga. Basi lilikuwa rahisi zaidi, wala si kwa tofauti ndogo. Nikamsomea.

Alifikiri kidogo, amegeuzia uso wote upande wa gari.

"Umeweka chai ya Mombo?" akauliza. "Basi likisimama Mombo watu wananunua chai. Weka na chai. Halafu piga tena."